Keekee ya Kufungulia Fuvu

Barua ya kwanza niliiandika katika mwezi wangu wa pili kazini, nilipokuwa daktari mgeni kwenye hospitali moja ya mjini Busia, upande wa Kenya. Niliianza kwa kumshukuru msimamizi wa hospitali kwa uongozi wake mwema, kisha nikaeleza, kwa aya nne zilizopangwa vizuri, kwamba keekee ya kufungulia fuvu imeondolewa katika chumba cha upasuaji na kupelekwa karakana ya maseremala, na kwamba hilo ni kosa linaloweza kumuua mtu. Barua ya pili ilikuwa na shukrani pungufu. Katika ya tatu sikumshukuru yeyote.

Kwa asiyewahi kuiona, keekee hiyo ni chombo cha chuma kisichohitaji umeme. Juu ina kifundo cha kushikia kwa kiganja. Katikati chuma kimepinda, na hapo ndipo mkono wa pili unapozungushia. Chini hupachikwa ncha. Ncha ya kwanza ni bapa na imechongoka kama mkuki. Hiyo hutoboa mfupa mpaka utando unaofunika ubongo uanze kuonekana kwenye kitundu kidogo kama punje ya mtama. Hapo mpasuaji husimama, hubadilisha ncha, na kuweka ya pili iliyo mviringo, ambayo hupanua tundu bila kuzama ndani.

Chuoni tulifundishwa njia nyingi za kufungua fuvu, nami nilizipenda zote kwa mapenzi ya mwanafunzi. Kuna tundu moja la kutolea damu. Kuna kutoboa matundu manne au matano yaliyozunguka, kupitisha msumeno wa waya chini ya mfupa kutoka tundu hili hadi lile, kukata kutoka ndani kuja nje, na kuinua kipande cha fuvu kama kifuniko cha sufuria, ambacho baadaye hurudishwa mahali pake. Kuna kuumega mfupa kidogo kidogo kwa koleo, bila kuurudisha. Na kuna mashine ya umeme inayojua yenyewe mfupa umekwisha, ikasimama. Mashine hiyo niliiona katika hospitali kubwa nilikofunzwa. Busia tulikuwa na keekee. Au tuseme kweli: karakana ilikuwa na keekee.

Kosa lilitokea hivi. Kabla sijafika lilitoka agizo kwamba kila mali ya hospitali ihesabiwe na kubandikwa leibo. Ikaja kamati ya watu watatu wenye bidii. Walipofika kwenye chumba cha upasuaji wakafungua trei moja, na mmoja wao, ambaye baba yake alikuwa seremala kule Bumala, akaitambua keekee mara moja, akaifurahia kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Wakaiandika katika fungu la vifaa vya useremala, wakaibandika leibo, na kwa kuwa agizo lilitaka kila kitu kikae na wenzake, wakaibeba. Msimamizi wa wauguzi wa chumba cha upasuaji alitia saini. Nilimwuliza kwa nini.

“Daktari, watu wa leibo wakikuambia weka saini, unaweka. Ukikataa wanarudi kesho wakiwa wengi.”

“Lakini hukuwaambia ni chombo cha kupasulia kichwa?”

“Niliwaambia. Wakacheka. Wakasema manesi wa Busia wanapenda utani.”

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeihitaji, na hilo ndilo lililonichosha zaidi ya yote, kwa sababu katika hospitali kosa ambalo halijamuua mtu huhesabiwa kuwa si kosa. Wagonjwa walioumia vichwa tuliwapeleka rufaa Eldoret. Waliofika walifika. Wasiofika hawakurudi kulalamika.

Kisha akaja dereva.

Niliyoyajua kumhusu niliyapata baadaye kutoka kwa rafiki yake, dereva mwenzake, mtu mnene wa Kisii mwenye sauti ya kupita juu ya injini. Wote wawili walikuwa kwenye foleni ya malori ya Malaba, lori la mmoja nyuma ya la mwenzake, wakisubiri kuvuka kuingia Uganda. Alfajiri mvua ilinyesha. Dereva wetu akapanda juu ya trela kukaza turubai, akateleza, akaanguka, upande wa kushoto wa kichwa ukagonga ngazi ya chuma ya kabini. Alizimia kwa muda wa mtu kuita jina lake mara mbili. Kisha akaamka, akajicheka, akajipangusa matope, akanywa chai ya tangawizi na kumtania mama aliyeiuza kwamba mandazi yake ndiyo yaliyotakiwa kuwekwa kwenye ile ngazi, maana ni magumu kuliko chuma. Saa nne akasema kichwa kinamuuma na usingizi umemshika.

Wenzake walimlaza kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Walimvua viatu. Walimfunika koti. Na hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa Malaba haoni haja ya kuelezwa. Katika foleni ile kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na haivunjwi na yeyote: dereva aliyelala hapotezi nafasi yake. Magari yakisogea, jirani yake hushuka kwenye lori lake mwenyewe, hupanda la aliyelala, hulisogeza, kisha hukimbia kurudi kwenye lake kabla wa nyuma hawajaanza kupiga honi. Rafiki yake alifanya hivyo mara tisa siku ile. Mara tisa aliketi sentimita chache kutoka kwa mtu aliyekuwa akifa, akaendesha polepole ili asimwamshe.

“Alikuwa anakoroma vizuri,” aliniambia. “Tukasema, mwacheni, huyu ametoka Mombasa bila kulala.”

Ule mkoromo ulikuwa dalili yenyewe. Mshipa mdogo chini ya mfupa wa panja ulikuwa umepasuka, na damu ilikuwa ikijikusanya kati ya fuvu na utando, ikiusukuma ubongo upande wa pili. Mgonjwa wa namna hii huamka kwanza, huongea, hucheka, kisha hulala. Kitabu chochote cha mwaka wa nne kinalieleza jambo hilo. Ila kitabu hakisemi kwamba kuna mahali duniani ambapo marafiki wa mgonjwa watautunza usingizi huo kwa upendo mwingi namna ile.

Walipofika uwanja wa forodha ilibidi atie saini hati zake mwenyewe. Ndipo wakashindwa kumwamsha. Wakala mmoja wa forodha akatoa gari lake, wakamleta Busia.

Saa tisa kasoro nilikuwa nimesimama juu yake na kurunzi. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imefunguka kabisa, nyeusi, haijali mwanga. Mkono wa kulia haukusogea nilipomfinya. Wa kushoto ulisogea kidogo, kama wa mtu anayefukuza nzi asiyemsumbua sana.

“Amelewa huyu,” alisema mhudumu aliyekuwa akisukuma kitanda.

“Nani amelewa?” rafiki yake akafoka. “Huyu ni mlokole! Hata soda ya chungwa anaiombea kwanza!”

Nilimwita daktari mkuu wa upasuaji, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, mwenye maneno machache na viatu vya raba. Alifunua kope zote mbili, akapapasa uvimbe juu ya sikio, akasema, “Anafunguliwa sasa.”

Sasa nikiri. Mimi, niliyeandika barua tatu kuhusu keekee, ndiye niliyepinga. Nilimwambia mwongozo unataka mgonjwa wa namna hii apigwe picha ya kichwa kwanza, na mashine yetu ya picha ilikuwa imeharibika. Kwamba anapaswa kufunguliwa na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kwamba tumpeleke Eldoret. Niliyasema yote kwa utaratibu, kama mtu anayejibu mtihani.

“Eldoret ni saa ngapi kutoka hapa?”

“Mbili na nusu. Tatu.”

“Na mboni ya pili ikifunguka akiwa Bungoma, utaionyesha mwongozo?”

Nilizima kurunzi.

“Nenda kaniletee keekee,” alisema. “Wewe ndiye unayejua iliko. Umeiandikia barua za kutosha.”

Karakana iko nyuma ya jiko, hatua mia mbili hivi. Mwenye stoo, mwanamume muungwana aliyevaa tai hata siku ya joto, alikuwa anapanga misumari kwa ukubwa. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na subira yake ndiyo iliyonitia wazimu.

“Daktari, pole sana. Lakini hiyo kitu iko na leibo ya karakana.”

“Najua. Ni makosa. Nipe.”

“Nikikupa, na wakikuja kuhesabu, nitasema iko wapi?”

“Utasema iko kwenye kichwa cha mtu!”

Alifikiri juu ya jibu hilo kwa uzito, nikaona kabisa anatafuta mahali ambapo lingeandikwa.

“Fomu inajazwa na idara yenye mali,” alisema. “Hiyo ni idara ya useremala. Sasa fundi ndiye anaweza kuiomba. Wewe si fundi. Mimi sikukatalii, boss. Tafuta tu fundi aiombe, halafu akuazime.”

Nilipiga kelele. Sijivunii. Nilimwambia kwamba mgonjwa akifa, jina lake yeye mwenye stoo litakuwa kwenye ripoti yangu, naye akanijibu kwa upole kwamba jina lake liko kwenye ripoti nyingi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alitoka mwenyewe mlangoni na kumwita fundi, mzee aliyekuwa juu ya paa la wodi ya akina mama akipigilia mabati.

“Fundi! Shuka uombe keekee!”

“Keekee ya nini? Mimi niko na mabati!”

“Shuka uombe, daktari anaitaka!”

“Si achukue!”

“Hawezi kuchukua, si fundi!”

Mzee yule alishuka ngazi moja moja, akafuta mikono, akatia saini, na mwenye stoo akafungua kabati. Keekee ilikuwa inang'aa. Niliishika, mikono yangu ikateleza kwa mafuta ya injini.

“Niliitunza,” fundi alisema kwa furaha. “Nilikuta inakwaruza, nikaipaka mafuta. Na hiyo ncha ilikuwa butu, nikainoa kwa jiwe. Saa hii inaingia mbao kama inaingia ndizi mbivu.”

Ncha ya mkuki haikuwa butu kwa bahati mbaya. Ilitengenezwa iwe na ncha inayochimba na mabega yanayozuia, ili izungukapo isitumbukie ghafla ndani ya ubongo. Mzee alikuwa ameyanoa mabega. Nilitaka kumwambia, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengoja asante. Nilisema asante. Nilikimbia.

Wauguzi waliisugua keekee kwa sabuni na maji ya moto mara tatu kabla mafuta hayajaisha, kisha wakaitia kwenye mashine ya mvuke ya kuua viini. Wakati mashine ikipiga mluzi, mimi nilikuwa nampigia simu mke wa dereva, kule Nakuru. Nilieleza kwa lugha niliyofundishwa: kuna damu, inabana, lazima tufungue mfupa ili itoke, kuna hatari.

“Mnafungua kichwa,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Wewe umewahi kufanya hiyo?”

“Daktari mkuu amewahi.”

“Nimekuuliza wewe.”

“Nimesaidia. Sijawahi kufanya mwenyewe.”

Nyuma yake ilisikika redio ya jirani. “Basi huyo mkuu ndiye ashike,” alisema. “Fungueni. Mimi naingia gari sasa hivi. Na umwambie ninakuja.”

Nilimwambia. Hakusikia, bila shaka, lakini nilikuwa nimeahidi.

Rafiki yake alikataa kuondoka mpaka dereva amalizwe kunyolewa. Alimshika kichwa kisicheze. Simu yake ililia bila kukoma. Kule forodhani lori lake lilikuwa limeziba njia na watu walikuwa wanamtukana kwa lugha zote za Afrika Mashariki. Aliizima.

“Kwetu Kisii,” alinieleza, “zamani wazee walikuwa wanafungua kichwa. Walikuwa wanakwangua mfupa na kisu, pole pole, mpaka unakuwa mwembamba, wanaona ndani. Hakuna mashine ya stima, hakuna sindano. Babu yangu alikwanguliwa. Alikaa miaka mingi sana na shimo hapa, akivaa kofia.” Alinitazama. “Na nyinyi mmesoma miaka mingapi?”

“Sita.”

“Miaka sita, halafu mnatafuta drili kwa seremala.”

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo, “Daktari, kama ningemwamsha saa nne?”

Kulikuwa na majibu mengi ya huruma, na yote yangekuwa ya kweli nusu. Nilikuwa nimeudhika na kamati, na leibo, na tai ya mwenye stoo, na mashine ya picha, na nikammiminia mtu ambaye hakustahili. “Ungemwamsha saa nne asingeamka,” nilisema, “na mngemleta, na saa hizi tungekuwa tumemaliza.”

Alitikisa kichwa mara moja. Alitoka nje na kuketi ukutani juani, viatu vya mwenzake mapajani.

Nilinawa mikono kwa dakika zilizoagizwa, na katika dakika hizo nilijiona wazi. Kati ya barua ya kwanza na ya tatu nilipita nyuma ya jiko kila siku kwenda kula. Ningeweza kuingia karakana wakati wowote, kuketi na yule mzee juu ya gogo, na kumweleza ncha ile ni ya nini. Asingeinoa. Sikumweleza, kwa sababu niliamini kwamba kazi ya mtu aliyesoma ni kuandikia walio juu.

Katika chumba cha upasuaji daktari mkuu aliinua keekee, akapitisha kidole cha glavu kwenye ncha.

“Nani amenoa hii?”

“Fundi.”

Alipumua puani. Alitazama meza niliyoipanga na kuona msumeno wa waya, umekunjwa vizuri pamoja na vishikio vyake viwili.

“Huo ni wa nini?”

“Nilidhani matundu manne, kisha tuinue kipande, ili baadaye mfupa urudishwe,” nilisema. “Ndiyo njia iliyo bora.”

“Ni bora. Rudisha kwenye trei.”

Alipima kwa vidole: viwili juu ya mfupa wa shavu, viwili mbele ya sikio. Akapasua ngozi moja kwa moja hadi mfupani, mkato wa urefu wa kidole. Akaikwangua misuli ya panja ikaachana na mfupa, nami nikaweka kipanuzi kinachoshikilia kingo za jeraha. Fuvu likaonekana, rangi ya maziwa yaliyokaa, na juu yake ufa mwembamba kama unywele. Mfupa wa panja ndio mwembamba kuliko yote ya fuvu, na sisi tulikuwa na ncha iliyonolewa kuingia mbao.

Aliweka kiganja cha kushoto juu ya kifundo, akaanza kuzungusha kwa mkono wa kulia. Mimi nilimwagilia maji ya chumvi ili mfupa usipate joto. Sauti yake si kubwa. Ni sauti ya mtu anayesaga kitu kikavu chumba cha pili. Unga mweupe wa mfupa ulitoka, ukaoshwa, ukatoka tena. Nilikuwa nikihesabu mizunguko moyoni bila kukusudia. Alisimama mapema kuliko kitabu kinavyosema, kabla utando haujaonekana, akachomoa keekee, akapapasa shimo kwa kijikwangulio, akazungusha mara moja, akasimama, akapapasa. Mara moja tena. Kisha akaing'oa ncha ya mkuki na kuidondosha kwenye bakuli kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

“Weka ya mviringo. Zungusha wewe.”

“Mke wake alisema ushike wewe.”

“Nimeshika pale pa hatari. Zungusha.”

Nilishika. Mikono yangu ilitaka kusukuma. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, kwamba mwili mzima hutaka kusukuma.

“Usisukume. Uzito wa mkono wako unatosha. Zungusha kama huna haraka.”

“Tuna haraka.”

“Ndiyo maana.”

Nilizungusha. Ghafla ile sauti ya kusaga ikawa laini, na tundu likajaa kitu cheusi kinachong'aa, kizito kama maini. Ilikuwa damu iliyoganda, ikijisukuma yenyewe kutoka, kama kwamba nayo ilikuwa imechoka kungoja. Daktari akachukua koleo akaanza kuumega mfupa kuzunguka tundu, kipande baada ya kipande, vikilia kimoja kimoja kwenye bakuli la chuma, mpaka uwazi ukawa kama mdomo wa kikombe cha chai. Hii ndiyo njia niliyoidharau chuoni kwa sababu huacha pengo. Kwa dakika chache ilifanya kile ambacho kifuniko changu kizuri kingehitaji saa nzima kukifikia. Tulifyonza damu, tukaosha, akautafuta mshipa uliopasuka na kuuchoma ukaacha kuvuja. Akashona utando kwenye kingo zake ili damu isijikusanye tena. Mimi nilipaka nta kwenye kingo za mfupa zilizokuwa zikitoa damu. Utando, uliokuwa umebonyea na kutulia, ukaanza kupanda na kushuka.

Mtaalamu wa nusukaputi aliinama chini ya shuka. “Mboni inarudi,” alisema. “Bado kubwa, lakini inarudi.”

Hakuna aliyeshangilia. Daktari mkuu aliomba uzi.

Alipomaliza kuvua glavu aliniambia kwamba kutoa damu ni nusu ya kazi, na nusu nyingine hatuna mkono ndani yake: ubongo ule ulibanwa tangu asubuhi, upande wa kushoto, upande unaosimamia maneno na mkono wa kulia. “Anaweza kuishi asiongee. Anaweza kuishi asishike usukani,” alisema. “Usimwambie mke wake kwamba tumemwokoa. Mwambie tumemfungua.”

Mke wake alifika usiku huo. Nilimwambia tumemfungua. Aliuliza kama nimemwambia mumewe kwamba anakuja, nikasema ndiyo, na hilo likamridhisha kuliko mengine yote.

Siku ya kwanza dereva hakuamka. Siku ya pili alifungua macho, akatazama dari. Nilienda wodini kila nafasi niliyopata, nikarudia maswali yaliyoagizwa: jina lako ni nani, uko wapi, leo ni siku gani. Alinitazama kama mtu anayetazama redio. Siku hiyohiyo mwenye stoo alikuja na fomu, akiuliza kwa upole keekee itarudi lini karakana. Nilimwambia haitarudi. Akaniomba niliweke hilo katika maandishi. Nilikuwa karibu kumpa jibu lisiloandikika, lakini nilichukua kalamu, nikaandika, nikatia saini katika nafasi ya idara ya useremala. Aliisoma, akainua nyusi, akaikunja kwa uangalifu. Kisha nikaenda karakana kumtafuta fundi, nikamweleza kuhusu ncha. Alilitazama jiwe lake la kunolea. Hatimaye akasema ncha mpya ikinunuliwa angeomba aione ilivyo, ili ajue, na sikumkatalia.

Rafiki wa dereva alirudi siku ya nne kutoka Tororo, akiwa amevusha lori lake. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni na ndizi za Uganda kwenye mfuko. Nilimfuata. Nilimwambia nilichosema kuhusu saa nne kilikuwa kweli lakini sikuwa na haki ya kukisema vile.

“Ulisema kweli tu,” alijibu, akitazama kitanda kwa mbali. “Ameongea?”

“Bado.”

Tuliingia pamoja. Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, amechoka. Nilianza tena maswali yangu. Jina lako ni nani? Kimya. Uko wapi? Midomo ilisogea, haikutoa kitu. Leo ni siku gani? Nilikuwa nimeshafungua kalamu kuandika kwamba hakuna mabadiliko, mke wake aliponisukuma kando kwa kiwiko.

“Wacha kumuuliza vitu hata mimi sijui,” alisema. “Siku gani! Nani anajua ni siku gani hapa?” Akamwinamia. “Baba. Ni mimi.”

Dereva alimtazama muda mrefu. Paji la uso lilijikunja kwa juhudi, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kisha, polepole, kwa ulimi mzito, akauliza, “Umekula?”

Mke alipiga yowe la hasira. “Mimi nimekula? Mimi? Siku nne umelala hapo na kichwa kimetobolewa kama chujio, halafu unaniuliza nimekula?” Alimgombeza hivyo kwa dakika nzima, machozi yakimshuka, na dereva akamsikiliza kwa makini, kama mtu anayesikia lugha ya kwao. Rafiki yake alikuwa amegeukia ukuta.

Nilingoja mpaka walipotulia. Kisha nikazunguka upande wa kulia wa kitanda, nikamwomba ainue mkono. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole vikatetemeka. Mkono ukaachana na shuka, upana wa kidole kimoja, ukaanguka.

“Tena,” nikamwambia.

Akauinua tena.